Darasa la Katikati ya Magodoro

Mawifi hatuna mazoea ya kusifiana. Ukimsikia mtu anamsifu mke wa kaka yake, ujue ama anataka kumwomba kitu, ama msifiwa mwenyewe amesimama nyuma ya mlango. Mimi sina la kuomba, na wifi yangu saa hii yuko dukani anauza. Kwa hiyo haya nisemayo ni ya moyoni.

Kaka yangu ni fundi wa friji. Alipomleta nyumbani huyu mke wake, mimi nilikuwa msichana bado, na jioni ile mama aliponiuliza nimemwonaje, nilimjibu kwamba hana neno. Mama alifurahi, akadhani namsifia tabia. Kumbe mimi nilikuwa na maana kwamba hasemi. Ni mwanamke mnene, wa mwendo wa taratibu, mwenye sauti nzito ya chini ambayo ukiisikia mara moja unatamani aendelee, lakini haendelei. Ukimwambia leo kuna joto, anasema kweli, joto. Akija mwingine akasema afadhali leo kuna kaubaridi, anasema kweli, afadhali. Miaka yote ya kuishi naye karibu, sikuwahi kumsikia akimwambia mtu kwamba hakubaliani naye.

Na tabia hiyo ndiyo iliyomfanya awe muuzaji hodari wa magodoro. Watu wengi huja kununua godoro wakiwa wawili, na wakishaingia dukani ndipo wanapogundua kuwa hawataki kitu kimoja. Mume anataka gumu. Wifi anamwambia gumu ni zuri, linashika mgongo. Mke anataka laini. Wifi anamwambia laini ni zuri, haliumizi mabega. Hakuna anayeshindwa, hakuna anayeaibika, na baada ya muda wanaondoka na godoro la wastani na mito miwili juu yake, wanacheka. Mwenye duka, mzee mmoja mpole anayeshinda kwenye kiti karibu na mlango na gazeti lake, alikuwa akisema wifi yangu amepatanisha watu wengi kuliko ofisi nzima ya ustawi wa jamii.

Mimi nafanya kazi kwenye duka hilohilo, ila huko nyuma. Ni ghala refu, magodoro yamepangwa kulia na kushoto mpaka karibu na dari, katikati kuna njia ya kupita mtu mmoja, na mwisho wa njia hiyo, chini ya dirisha, ndipo ilipo cherehani yangu. Nashona foronya na mifuko ya kufunikia magodoro. Ni mahali pa ajabu kidogo kwa ukimya. Barabarani magari yanapiga honi, fundi wa jirani anagonga mabati kutwa, lakini ukishaingia katikati ya magodoro, kelele zote zinamezwa. Ukizungumza, sauti yako hairudi. Inabaki palepale mdomoni.

Masomo yenyewe yalikuja kwetu kwa ajili ya binti yao mkubwa. Alikuwa ameingia kidato cha tano, na mwalimu wa historia shuleni kwao akahama bila kuletwa mwingine. Kaka akamwandikisha katika masomo ya mtandaoni: historia ya dunia ya kisasa, kuanzia Vita Kuu ya Kwanza mpaka kumalizika kwa Vita Baridi, hadi mtihani wa kidato cha sita. Hata hajakaa sawa, binti akaitwa chuo cha uuguzi, kile alichokuwa akikililia tangu zamani. Akafunga mizigo akaondoka, historia ikabaki mezani. Kaka alipopiga simu kuulizia ada, aliambiwa kwamba masomo yakishaanza ada hairudi, ila mtu mwingine wa familia anaweza kuchukua nafasi.

Kaka akatupia macho huku na huku kutafuta huyo mtu wa familia. Mtoto wao wa pili alikuwa bado shule ya msingi. Mimi nikasema mapema nisihesabiwe. Wifi alikuwa anachambua mboga, wala hakuinua kichwa.

"Basi nitasikiliza mimi," akasema, "yasipotee bure."

Alikuwa amemaliza kidato cha nne kabla ya kuolewa, na alifaulu vizuri tu. Lakini hakuna hata mmoja wetu aliyelikumbuka hilo. Tulidhani atasikiliza kama watu wanavyosikiliza redio, huku mikono inafanya kazi nyingine.

Vipindi vya moja kwa moja vilikuwa alasiri, wakati duka limepoa. Mzee alimruhusu kwa sharti kwamba akiingia mteja, yeye atoke. Wifi akajitafutia mahali katikati ya magodoro, hatua chache kutoka kwenye cherehani yangu, akakaa juu ya furushi la vipande vya sponji, simu ameiegemeza kwenye jora la kitambaa. Siku ya kwanza mwalimu aliita majina. Nilimsikia anataja jina la binti.

"Hayupo, mwalimu. Mimi ni mama yake."

Mwalimu, ambaye kwa sauti tu ulijua ni mwanamke kijana, akamuuliza kama amekuja kumwombea ruhusa.

"Hapana," akasema wifi. "Nimekuja kusoma."

Kijana mmoja akacheka, na mwingine naye akamfuata. Mwalimu hakucheka. Alimkaribisha darasani kama angemkaribisha mwanafunzi mwingine yeyote, akaendelea na majina. Ila kulikuwa na jambo moja ambalo halikupita hivihivi. Wanafunzi wengine wote walikuwa majumbani mwao, na kila walipofungua vipaza sauti uliingia mlio wa sufuria, au televisheni, au mtoto analia. Wifi alipozungumza ilisikika sauti yake tu, safi kama ya mtangazaji. Mmoja akauliza kama yuko studio. Wifi akaigeuza simu polepole, akawaonyesha ukuta wa magodoro upande huu, na ukuta wa magodoro upande ule. Tangu siku hiyo darasa zima likamwita Mama Magodoro, naye akakubali, kama alivyokuwa akikubali kila kitu.

Majuma yale ya mwanzo nilimwona anabadilika taratibu. Alikuwa akitoka kwenye kipindi cha vita na kusimama mbele ya meza yangu bila kusema, mikono kiunoni. Siku moja aliniambia kwamba vijana walikwenda vitani wakiamini watarudi kabla mwaka haujaisha, makarani, washonaji kama mimi, wauza duka kama yeye. Siku nyingine ilikuwa watu wa Afrika waliobebeshwa mizigo ya vita isiyowahusu ndewe wala sikio, wakafa njiani kwa homa. Alisema mambo hayo kwa uchungu kana kwamba yametokea mtaa wa pili. Akawa anaandika kila kitu. Nyumbani kaka akikosa chumvi kwenye chakula, alijua leo walikuwa wanasoma mdororo wa uchumi.

Ndipo ikaja insha ya kwanza. Swali lilikuwa kama Mkataba wa Versailles ndio uliosababisha Vita Kuu ya Pili, nao waeleze wanakubaliana na kauli hiyo kwa kiasi gani. Wifi aliifanyia kazi kwa bidii ambayo sijaiona hata kwa binti yake. Aliandika kila kilichotokea tangu wakubwa walipotia saini mkataba mpaka mizinga ilipolia tena, mwaka baada ya mwaka, hakuruka hata mmoja. Mwandiko ulikuwa kama wa kuchapwa. Akapiga picha kurasa zote, akazituma, akakaa roho juu.

Alama zilizorudi zilikuwa ndogo sana. Mwalimu alikuwa amemwachia ujumbe wa sauti badala ya kuandika, labda kwa heshima ya umri. Wifi aliniletea nisikilize naye, kwa sababu aliogopa kuusikiliza peke yake. Mwalimu alisema kwamba kazi ni safi na matukio yote ni sahihi. Kisha akasema, "Lakini mama, nimesoma kurasa zote hizi na mpaka sasa sijui wewe unafikiri nini. Hujaniambia kama unakubali au unakataa."

Wifi akaizima simu, akakaa juu ya furushi lake la sponji, ameshika tama. Nikadhani atalia, nikaanza kutafuta maneno ya kumbembeleza. Badala yake akaniuliza swali ambalo sikuwahi kuulizwa na mtu.

"Wifi, mimi nafikiri nini?"

Nilimwambia sijui. Akasema hata yeye hajui. Akasema katika maisha yake amewahi kuulizwa anataka nini, na amewahi kuulizwa amefanya nini, lakini kuulizwa anafikiri nini, halafu mtu akatulia kungoja jibu, hiyo ilikuwa mara ya kwanza.

Aliirudia ile insha. Mwalimu hakuwa amemlazimisha. Na kwa kuwa hakujua namna ya kukataa jambo kwenye karatasi, akaanza kwanza kujifunza kukataa kwa mdomo, na mtu aliyekuwa karibu naye alikuwa mzee mwenye duka. Mzee alikuwa amezoea kusogeza kiti chake mpaka kwenye mlango wa ghala kipindi kikianza, anajifanya anasoma gazeti. Alikuwa na majibu yake kwa kila jambo. Kwa Ukuta wa Berlin, kwa mfano, alishikilia kwamba uliangushwa na ulimi wa ofisa mmoja tu, aliyetangaza mbele ya waandishi wa habari kuwa mipaka imefunguliwa saa ileile, kumbe hakuwa amesoma vizuri karatasi yake. Mzee aliipenda sana hadithi hiyo. Kila alipoimaliza alijipiga paja.

Wifi, ambaye alikuwa ameshasikiliza rekodi za mada hiyo, alimsikiliza mpaka mwisho, akasema kweli, mzee, tangazo lile lilikuwepo. Nilishajua kinachofuata ni kunyamaza. Lakini hakunyamaza. Akamuuliza, kwa upole uleule wa kuuzia magodoro, je, ofisa yule angekosea vilevile miaka ishirini nyuma, ukuta ungeanguka? Wifi akaendelea kwamba watu walikuwa barabarani majuma mengi wakiandamana, wengine walishapitia nchi jirani kutoroka, na yule mkubwa wa Moscow alishaonyesha kwamba hatatuma vifaru. Ofisa aliwasha kiberiti, akasema, lakini petroli ilishamwagika.

"Kwa hiyo hukubaliani na mimi," akasema mzee.

Nikaona jasho linamtoka wifi kwenye paji la uso. Huyu alikuwa mwajiri wake.

"Nakubaliana na wewe kuhusu jioni ile," akasema. "Kuhusu sababu, sikubaliani."

Mzee akarudisha kiti chake mlangoni. Kesho yake alikuja mapema kuliko kawaida, amefikiria usiku kucha, akiwa na hoja mpya. Wakawa hivyo miezi na miezi. Wateja walizoea kukuta ubishi wa Vita Baridi kwenye duka la magodoro, na wengine walitia mkono. Mwanamume mmoja aliyekuja kununua mto tu alibaki mpaka tukafunga.

Insha zake zikaanza kupanda. Hazikuruka, zilipanda kama mtu mnene anavyopanda ngazi, kidato kimoja, pumzi, kidato kingine. Mwalimu alikuwa amewafundisha jambo jingine pia: kwamba kila ushuhuda una mwenyewe. Kabla ya kuamini karatasi yoyote ya zamani, uliza nani ameiandika, alikuwepo au amesimuliwa, na alitaka kupata nini. Wifi alilishika hilo kuliko vyote. Sasa nieleze lilivyotufikia sisi nyumbani.

Mama yetu anaishi peke yake, kwenye nyumba yetu ya zamani. Kaka mkubwa, mtoto wa kwanza, aliita kikao cha familia. Alisema mama ameanza kuangukaanguka, hafai tena kukaa peke yake, kwa hiyo nyumba iuzwe na mama ahamie kwake. Kaka mkubwa si mtu mbaya. Anampenda mama, tena kwa vitendo. Ila ni mtu akishasema, amesema. Kaka yangu fundi friji akaitikia. Mimi nikaitikia. Mama alikuwa amekaa pembeni, anatazama mikono yake. Ikawa imekwisha, watu wakaanza kutafuta viatu.

Wifi akaomba kuuliza. Waliokuwa wanatafuta viatu wakageuka, kwa sababu wakwe hawana sauti kwenye vikao vyetu, na huyu ndiye kabisa hakuwahi kuwa nayo.

Akauliza, mama ameanguka mara ngapi? Kaka mkubwa akasema mara nyingi. Akauliza, nani alimwona? Kaka mkubwa akasema ameambiwa na jirani. Wifi akauliza kama jirani alikuwepo au naye alisimuliwa. Hakuuliza kwa ukali. Aliuliza kama mtu anayetaka kujua kweli, na hapo ndipo palipokuwa pagumu kumkasirikia. Ikaonekana kwamba hakuna mtu katika chumba kile aliyemwona mama akianguka, na hakuna aliyekuwa amemuuliza mwenyewe.

"Mama," akasema wifi, "wewe ndiye ulikuwepo. Tuambie."

Mama akainua kichwa. Akasema ameanguka mara mbili, zote kwenye kizingiti cha bafuni, ambacho simenti yake imemeguka tangu mvua zilizopita. Kwingine kote anatembea salama. Akasema hajasema kwa sababu hakuulizwa, na aliona wanawe wameshaamua. Kisha akasema kwamba hapendi kuhama, nami nikatazama chini.

Wifi akageuka kwa kaka mkubwa. Alimwambia kwamba wasiwasi wake ni wa haki, mama si kijana, na ipo siku ambapo maneno yake yatakuwa sahihi. Lakini kwa ushahidi uliopo leo, kinachoangusha ni kizingiti, si umri. Kwa hiyo yeye hakubaliani nyumba iuzwe. Alilisema mbele ya wote, macho wazi, mikono ameifumbata mapajani.

Kaka mkubwa alinyanyuka akatoka nje. Hakusema na wifi kwa miezi mingi, na alipotupigia simu, akipokea wifi, alikata. Hilo lilimuumiza wifi kuliko alivyoonyesha, kwa sababu alikuwa mtu ambaye hajawahi kununiwa na yeyote. Mimi na kaka yangu tulikwenda Jumamosi iliyofuata na mfuko wa simenti, akatengeneza kizingiti na kufunga bomba la kushikilia ukutani. Njiani kurudi akaniambia, kama mtu anayeshangaa friji iliyopona yenyewe, kwamba hakujua ameoa mtu wa namna hii. Nikamwambia nasi hatukujua ametuletea nani.

Mwaka wa mwisho wa masomo ndipo darasa lenyewe lilipotaka kwenda arijojo. Mwalimu alikuwa mjamzito, na akajifungua kabla ya wakati wake, mtoto mdogo wa kulelewa hospitali. Ofisi ya masomo ikatuma ujumbe kuwa vipindi vya moja kwa moja vimesimama, wanafunzi watumie rekodi za zamani, mwalimu wa muda anatafutwa. Mwalimu wa muda hakupatikana. Mtihani ulikuwa unakaribia. Katika kikundi chao cha simu wanafunzi walianza kuaga mmoja mmoja. Huyu anasema atasoma mwenyewe, yule anasema ataliacha somo abaki na mengine.

Wifi hakuwa amewahi kuandika kitu kwenye kikundi kile zaidi ya ahsante. Alasiri moja aliandika kwamba yeye si mwalimu na hana majibu, lakini saa ya kipindi ikifika atakuwa pale pale kwenye magodoro, simu wazi, na anayetaka aje wasome pamoja.

Siku ya kwanza walikuja wawili. Mmoja alikuwa kijana waliyemwita Mwanasheria, mjuaji mwenye maneno mengi, yuleyule aliyecheka siku wifi alipoingia darasani. Mwingine alikuwa msichana ambaye hakuna aliyewahi kuisikia sauti yake. Alikuwa akiandika majibu tu, kamera imezimwa, nao walimwita Kimya. Wifi aligawa mada: kila siku mtu mmoja ataeleza, wengine watamhoji. Mwanasheria alijua mambo kuliko yeye, tena mbali, na wifi hakuona aibu kumwambia arudie polepole yeye aandike. Kazi yake yeye ilikuwa kuwepo na kumuuliza kila mtu lile swali aliloulizwa na mwalimu. Unafikiri nini? Unakubali au unakataa?

Neno likaenea, wakarudi wengine, mpaka darasa likawa karibu limejaa tena. Siku moja walikuwa kwenye mgogoro wa makombora ya Cuba, wanabishana kati ya Marekani na Urusi nani alirudi nyuma kwanza. Wifi akamwita Kimya. Akamwambia ameyasoma maandishi yake na anaona hayuko upande wa Mwanasheria. Akangoja. Mwanasheria alitaka kuingilia, wifi akamwambia asubiri kidogo, mwanangu. Mimi nilikuwa nimesimamisha cherehani. Mwishowe ikaja sauti ndogo, nyuma yake kelele za watu wengi, kama nyumba yenye familia tatu, na sauti ile ikasema kwamba yeye anaona wote wawili walirudi nyuma, ila mmoja alirudi hadharani na mwingine alirudi kwa siri, kwa yale makombora ya Marekani yaliyokuwa Uturuki. Mwanasheria akasema hiyo hoja ni nzuri kuliko yake, na naomba nimpe haki yake: aliisema bila kinyongo.

Baadaye Kimya alimwandikia wifi kwamba alikuwa akiona aibu kelele za kwao zisikike. Wifi akamjibu kwamba kelele zile amezipenda, hapa kwetu pamezidi ukimya.

Mwalimu alirudi majuma machache kabla ya mtihani, mtoto amepona, na alilikuta darasa lake liko wima. Aliwasha kamera, uso umechoka, kichanga begani. Alimshukuru kila mmoja kwa jina. Alipofika kwa wifi alianza sentensi, haikuisha, akajifanya anamweka sawa mtoto.

Wifi alifanya mtihani kama mtahiniwa wa kujitegemea, kwenye ukumbi wa shule moja ya mjini, amezungukwa na watoto wa umri wa binti yake. Msimamizi alimwonyesha viti vya wazazi nje. Akamwonyesha msimamizi kitambulisho chake cha mtihani, akapita. Aliporudi hakutaka kuulizwa. Alisema tu kwamba mkono umemuuma, na kwamba swali la Versailles limetoka, lakini hakulichagua.

Matokeo yalipotangazwa alikuwa na wateja, mke na mume, na ubishi wa gumu na laini umefika katikati. Simu ikaita, mwalimu. Wifi akaniomba nipokee. Nilipomnong'oneza kwamba ni B, aliitikia kwa kichwa kama ameambiwa bei, akawageukia wateja, akamaliza kuuza. Alipowatoa mlangoni ndipo aliporudi ndani, akapita mbele yangu mpaka mwisho wa ghala, akalala chali juu ya godoro lililokuwa halijafungwa, akajifunika uso kwa kiganja. Mzee mwenye duka alimwona. Akafunga mlango wa barabarani mchana kweupe, jambo ambalo hajawahi kufanya, akakaa na gazeti lake kuwazuia watu wasiingie.

Mwanasheria alipata A, kama ilivyotarajiwa. Kimya alipata B kama wifi, wakatumiana picha za matokeo. Kaka kwa wiki nzima hakutengeneza friji ya mtu bila kwanza kumweleza mwenye friji alama za mke wake. Na kaka mkubwa alipiga simu. Wifi alipokea, na safari hii simu haikukatwa. Sikusikia walichosema, ila yalikuwa maongezi marefu, na nusu ya pili wifi alikuwa anacheka. Mama bado yuko kwenye nyumba yake.

Kaka aliwahi kumuuliza, kabla ya mtihani, hiyo historia ukiimaliza utaifanyia nini. Sidhani kama alikuwa na nia mbaya, ni swali la fundi. Kifaa lazima kiwe na kazi. Wifi alimwambia kwamba hajui, na kwamba akijua atamwambia. Sasa amejiandikisha somo la pili, jiografia. Analalamika kila siku. Anasema historia angalau ina watu, huku ni mawe tu na upepo. Jana aliniletea ramani ya mikondo ya bahari, akaiweka juu ya foronya ninazoshona, akaniuliza naona nini. Nikamwambia naona mistari. Akavuta furushi la sponji, akakaa, akaanza kunionyesha kwa kidole maji ya moto yanatoka wapi na yanakwenda wapi.